Tuwatembeze Watoto Wetu, Waijue Nchi Yao

Mwonyeshe mtoto wa mjini mwenye miaka minne picha ya simba, ya twiga au ya tembo, naye atakutajia jina lake mara moja. Kisha mwulize jina la ndege ajengaye viota mnazini nyuma ya nyumba yao, au jina la mti umpao kivuli achezapo. Atanyamaza. Ukiwauliza wazazi wake, mara nyingi nao watanyamaza, au watajibu kwa neno moja tu, "ndege", "mti", kana kwamba ndege wote ni mmoja na miti yote ni sawa. Mtoto huyo amewajua wanyama ambao pengine hatawaona kwa macho yake mpaka awe mtu mzima, bali majirani zake wa kila siku hawajui hata kwa majina.

Sisi twaona kuwa hilo si jambo la kuchekwa na kuachwa lipite. Ni upungufu katika malezi, na upungufu huo utaligharimu taifa. Kwa hiyo leo twapenda kuwaambia wazazi, kina baba na kina mama, neno moja: mshikeni mtoto mkono, mtoke naye nje angalau mara moja kila juma, mkatazame pamoja miti, ndege, wadudu na ufuko, na mumpe majina yao kwa lugha yetu. Hatusemi haya ili watu wapate njia ya kupitisha wakati. Twasema kwa sababu mtu hawezi kukilinda kitu asichokijua, wala hawezi kugundua kuwa kimepotea kitu ambacho tangu mwanzo hakuwa na jina lake.

Nchi hii imekwisha kutoa ahadi kubwa juu ya jambo hili. Mwezi wa Septemba 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, Mwalimu Julius Nyerere alitoa tamko mjini Arusha. Alieleza kuwa kuwahifadhi wanyama wa porini na mahali wakaapo ni dhamana tuliyokabidhiwa, na kwamba tutafanya kila tuwezalo ili wajukuu wa watoto wetu waufaidi urithi huo. Ahadi hiyo haikuwa maneno matupu. Serengeti ilikuwa imekwisha kuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1951. Mikumi na Ruaha zikafuata mwaka 1964, na Milima ya Udzungwa mwaka 1992. Kazi hiyo imefanywa, na ulimwengu unaiona.

Lakini wajukuu waliokusudiwa katika ahadi ile wamekwisha kuzaliwa. Ndio hawa watoto wetu wa leo. Na urithi haumfai mtu ambaye hakuonyeshwa mipaka ya shamba lake. Safari ya Serengeti au Mikumi ni jambo jema, na kila mzazi awezaye ampeleke mwanawe. Lakini hiyo ni safari ya siku mbili tatu katika maisha yote ya utoto. Nchi inayomlea mtoto ni ile iliyo umbali wa hatua mia mbili kutoka mlangoni kwao: mwembe wa jirani, kijito cha bondeni, kichaka cha njia panda, ufuko wakati maji yamekupwa. Hiyo haina lango, haina kiingilio, na haingoji likizo.

Mwaka 1967, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu alionya tena. Alisema kuwa elimu tuliyoirithi ilimfanya kijana adhani kwamba maarifa yote yenye thamani yamo vitabuni au vichwani mwa waliosoma, na kwamba hekima ya wazee wetu ni kitu cha kudharauliwa. Zaidi ya nusu karne imepita tangu onyo hilo. Je, tumeliponya donda lile, au tumelifunika kwa kitambaa kipya? Mvuvi ajuaye saa ya maji kwa kutazama mwezi twamwita mtu asiyesoma, na kijana anayetaja majina ya magari ishirini, lakini hawezi kuutofautisha mninga na mvule, twamwita mwenye akili.

Zamani jambo hili halikuhitaji kuandikwa gazetini. Mtoto alijifunza majina alipochunga mbuzi, alipofuatana na bibi yake kutafuta kuni, au alipokwenda pwani na mjomba wake kutazama mitego. Lakini nyakati zimebadilika. Katika sensa ya mwaka 1967 watu wa Dar es Salaam hawakufika 400,000. Katika sensa ya mwaka 2022 walizidi 5,300,000. Mamilioni ya watoto sasa wanakulia katika vyumba na vichochoro. Wengine hukaa ndani ya kuta ndefu zenye vipande vya chupa juu yake, wakipelekwa shule kwa gari na kurudishwa kwa gari. Wote hao, wa chumba kimoja na wa jumba kubwa, wamekutana mahali pamoja: mbele ya kioo cha simu.

Wala hatuko peke yetu katika janga hili. Mwaka 2002 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cambridge walitangaza matokeo ya uchunguzi waliowafanyia watoto wa shule huko Uingereza. Waliwaonyesha picha za viumbe wa kawaida wa nchi yao, na picha za viumbe wa kubuni wa mchezo wa Kijapani uitwao Pokémon. Watoto wa miaka 8 na zaidi waliwataja sawasawa viumbe wa kubuni karibu 80 katika kila 100. Viumbe wa kweli wa nchi yao waliwataja kama nusu tu. Funzo la uchunguzi huo halikuwa kwamba watoto ni wajinga. Lilikuwa kinyume chake: akili ya mtoto ni kama ghala lenye mlango wazi, nayo itahifadhi mamia ya majina. Swali ni nani anayeleta mzigo. Mzazi asipoleta wake, mfanya biashara ataleta wake.

Waganga nao wana neno lao. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kuwa mtoto wa mwaka 1 hadi 4 apate angalau dakika 180 za kuchangamsha mwili kila siku. Asiyetimiza miaka 2 asikalishwe kabisa mbele ya kioo cha televisheni au simu. Na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1. Mwaka 2015 huko Guangzhou, nchini Uchina, wataalamu wa macho walitangaza matokeo ya jaribio walilolifanya katika shule 12. Katika shule 6 watoto wa darasa la kwanza waliongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule. Baada ya miaka 3, watoto waliopata upungufu wa kuona mbali walikuwa kama 30 katika kila 100 kwenye shule hizo, na karibu 40 katika kila 100 kwenye shule nyingine. Basi hata macho ya mtoto huomba kutolewa nje.

Sasa wako wazazi watakaouliza: tukitoka, tumwonyeshe nini? Sisi wenyewe hatujui. Twawajibu kuwa mambo yako mengi kupita siku za utoto, na yafaa kuanza na yaliyo karibu.

Chukueni mwembe. Tazameni juu katika majani, nanyi mtaona fundo la majani mabichi yaliyoshonwa pamoja. Ni nyumba ya chungu wekundu waitwao maji moto. Wao huyavuta majani mpaka yakutane, kisha huwashika watoto wao kwa midomo na kuwapitisha huku na huku kama sindano, nao watoto hutoa uzi ulio mwembamba mno unaofunga jani na jani. Mtoto wa miaka mitano akilitazama jambo hilo kwa dakika kumi hatalisahau. Na akikua atafaidi kujua kuwa wadudu hao hao hulinda minazi na mikorosho kwa kuwafukuza na kuwala wadudu waharibifu. Mkulima awajuaye hawachomi moto; asiyewajua huwaangamiza, kisha hununua dawa ya kufanya kazi waliyokuwa wakiifanya bure.

Au tazameni mnana, yule ndege wa manjano apigaye kelele mnazini. Mwambieni mtoto atazame ni nani anayefuma. Ni dume. Huchana uzi wa jani, akafunga fundo, akasuka kiota chenye mlango chini, kisha hukining'inia akipiga mbawa ili jike aje kukikagua. Asipopatikana jike wa kukipenda, na kiota kikachakaa, dume hukibomoa mwenyewe na kuanza upya. Kuna hotuba gani juu ya bidii ya kazi iliyo bora kuliko hiyo?

Kisha mwonyesheni mtoto kunguru, na hapa pana jambo la kuhuzunisha. Kunguru mweusi mwenye shingo ya kijivu, aliyejaa Dar es Salaam na miji yote ya pwani, si mwenyeji wetu. Aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890, akazaana, akavuka na kuenea. Yeye hula mayai na makinda ya ndege wengine, na kila anapozidi, chozi, shore na tetere hupungua. Mtoto aliyezaliwa mjini leo humwona kunguru asubuhi na kunguru jioni, naye hudhani kuwa hivyo ndivyo mji ulivyoumbwa. Hasikitiki, kwa sababu hajui kuwa amepungukiwa. Huo ndio mfano ulio wazi wa jambo tunalolisema: hasara kubwa kabisa ni ile asiyeijua mwenye kuipata.

Kwa wakaao pwani, darasa lililo bora ni ufuko wakati wa bamvua. Siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu bahari hukupwa mbali sana. Tofauti ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3. Ndipo sakafu ya bahari inapofunuliwa kama mkeka. Hapo mtoto atamwona kaa dume mwenye gando moja kubwa akilipunga kuwaita majike na kuwatisha madume wenzake. Atamwona kaa mwingine aliyehamia ndani ya ganda la konokono aliyekufa, na yule samaki mdogo arukaye juu ya tope kama chura. Mwelezeni pia kwamba maji hujaa na kukupwa mara mbili kwa siku, na kwamba kesho yatachelewa kwa muda wa dakika 50 hivi kuliko leo. Akitoka hapo atautazama mwezi kwa macho mengine.

Tena ipo mikoko. Maelfu ya watu hupita kila siku juu ya Daraja la Selander, na mikoko iko chini ya macho yao mlangoni mwa Mto Msimbazi. Kwao yote ni "miti ya tope". Lakini wahenga wetu wa pwani waliigawa na kuipa kila mmoja jina. Mkoko wenyewe husimama juu ya mizizi iliyopindana kama miguu ya kaa. Mchu huchomoza pumzi zake juu ya tope, vijiti vingi vilivyosimama wima kama kalamu. Mkandaa ni ule ambao gome lake hutoa rangi. Msindi, mkomafi, msikundazi na mlilana nayo ina alama zake. Na mbegu ya mkoko huota ingali imeshikwa na mama yake, hurefuka kama mshumaa, kisha huanguka na kusimama topeni au kuchukuliwa na maji kwenda kuanza msitu mahali pengine. Mtoto aliyeipanda mbegu moja ya mkoko kwa mkono wake, huko Kunduchi au Mbweni, hatahitaji kuhubiriwa akiwa mkubwa kuwa miti hiyo huvunja nguvu ya mawimbi na kuwatunza kamba na samaki wachanga. Atakuwa na mti wake.

Hata wakaao mbali na bahari hawakosi darasa. Maji yaliyotuama katika kopo bovu nyuma ya nyumba yana viluwiluwi vinavyojinyonga-nyonga. Mwonyesheni mtoto, tena mwelezeni kuwa kila kimoja kitageuka mbu kwa muda wa juma moja au mawili. Kisha mpeni yeye mwenyewe kazi ya kulimwaga kopo. Huyo amejifunza sayansi, amejifunza afya, na amelitumikia taifa katika vita vya mbu kabla hajajua kuandika jina lake.

Namna ya kumtembeza mtoto nayo ina adabu yake. Mtoto wa miaka mitatu hatembei kama mtu mzima. Husimama kila hatua tano, huinama, huokota. Mzazi mwenye haraka humvuta mkono na kumwambia, "Twende, acha uchafu." Hapo ameufunga mlango kwa mkono wake mwenyewe. Mwacheni aongoze. Akiuliza, ajibiwe, msipojua jibu, mwambieni kuwa mtauliza. Mfundisheni kutazama bila kuua, na kuchuma jani moja bila kuvunja tawi. Rudini mara kwa mara kwenye mti ule ule, ili auone ukipukutisha majani, ukichanua na kuzaa. Kuujua mti mmoja mwaka mzima ni bora kuliko kuipita miti mia kwa siku moja.

Na majina tuyatafute kwa nani? Kwa wazee. Mjini mwetu hakuna mtaa usio na mzee aliyekulia shambani au baharini, naye huketi barazani siku nzima bila mtu wa kumwuliza neno. Mpelekeni mtoto amwamkie, "Shikamoo, babu," kisha auonyeshe mti kwa kidole na kuuliza waitwaje. Mtastaajabu jinsi uso wa mzee huyo utakavyochangamka. Kama jina atakalolitoa ni la Kizaramo, Kisambaa, Kihaya au Kisukuma, lipokeeni na kulihifadhi pamoja na lile la Kiswahili. Mti wenye majina mawili hauwi mzigo kwa mtoto, na mzee aliyeulizwa ameheshimiwa.

Zipo hoja ambazo watu huzitoa kulipinga jambo hili, nasi hatupendi kuzikwepa. Wapo wasemao kuwa kuzurura porini kutazama ndege ni mambo ya wageni na watalii. Tunawauliza hao: ni mgeni gani aliyezipa pepo zetu majina ya kaskazi, kusi, matlai na umande? Ni mtalii gani aliyeutenga mchu na mkandaa? Majina hayo yapo kwa sababu karne nyingi zilizopita mtu mzima alimchukua mtoto, akamwonyesha, akamwambia. Tukidhani kuwa kuijua nchi yetu ni kazi ya wageni, tutakuwa watu wa kuulizia habari za nyumba yetu kwa wapita njia. Mwacha asili ni mtumwa.

Wapo wasemao kuwa mtoto wa shamba huyaona hayo yote kila siku. Ni kweli, tena ni heri kwake. Lakini na yeye yuko hatarini kama maarifa yake hayapewi hesabu darasani wala nyumbani, akajifunza kuyaonea haya. Mzazi wa kijijini anapomsikia mwanawe akitaja majina ya nyasi na ndege, amsifu kama anavyomsifu kwa kujua kuhesabu.

Wapo wasemao kuwa hawana wakati wala fedha. Hoja hii hatuidharau. Mama auzaye chakula huamka alfajiri, na mwendesha bodaboda hurudi usiku. Mtu hawezi kumwambia mama huyo kuwa atafute saa nyingine mahali ambapo saa zimekwisha. Lakini njia ya sokoni ipo, njia ya kliniki ipo, na Jumapili ina asubuhi yake. Nusu saa ya kutembea polepole haigharimu hata nauli ya daladala. Ambao udhuru wao ni mdogo zaidi ni wale wenye wakati wa kuutazama mpira jioni nzima. Hasa twawaambia kina baba: kulea si kazi ya mama peke yake, na kumtembeza mtoto hakumpunguzii mwanamume heshima.

Hoja ya mwisho ni hatari, nayo ni ya haki. Nje kuna nyoka, kuna tandu, kuna jua kali na maji ya kina. Ndiyo maana tunasema mzazi aende naye. Mtoto avae viatu, achukue maji ya kunywa, asitie mkono shimoni, asionje tunda ambalo mkubwa hakulijua. Ufukoni asiachwe mbali hata hatua tatu, na saa ya maji kujaa ijulikane kabla ya kuteremka. Katika madimbwi na mito ya maji baridi yenye konokono asiingie, kwa maana humo ndimo kichocho kilimo. Mtoto aliyefundishwa hatari akiwa ameshikwa mkono huwa salama kuliko yule aliyefichwa ndani, akatoroka peke yake siku ya kwanza alipopata nafasi.

Tumesema ya wazazi. Haifai kunyamazia ya wenye mamlaka. Mzazi atamtembeza wapi mwanawe, ikiwa kila kipande cha ardhi kimejengwa? Ramani za miji yetu zinaonyesha viwanja vya wazi. Lakini mguu ukifika hapo mara nyingi hukuta gereji, baa au ukuta. Bustani ya mimea ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893, ingaliko karibu na Makumbusho, lakini eneo lake limepungua mno. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni mwa bahari, ziwa au ukingo wa mto. Hata hivyo ziko sehemu ambazo mwananchi hawezi kufika baharini ila kwa kupitia uani kwa mtu. Vilima vya Pugu, ambako Mwalimu alikuwa akifundisha kabla ya kuacha kazi mwaka 1955, vilikuwa na msitu mnene. Shoka na mkaa vimeula kwa miaka mingi, na kilichosalia chahitaji ulinzi wa kweli.

Mambo hayo yanafungamana. Kiwanja cha wazi kilinyang'anywa kwa urahisi kwa sababu watu waliokipita kila siku walikiona kuwa ni mahali patupu. Lau watoto wa mtaa ule wangalikuwa wamezoea kuitazama minana yake, wakaujua mkwaju wake na mzambarau wake, siku ya kuja tingatinga pangalikuwako watu wa kuuliza kibali kiko wapi. Mwizi hupenda mali isiyo na orodha. Majina ndiyo orodha yetu.

Kwa hiyo twazitaka halmashauri za miji na majiji ziviorodheshe viwanja vya wazi vilivyosalia, zibandike orodha hiyo mahali pa watu kuisoma, na zifungue njia za kufika ufukoni. Twawataka walimu wa madarasa ya awali wawatoe watoto nje ya ukuta wa shule angalau mara moja kwa juma. Na twawaomba viongozi wa Chama katika mashina na matawi walifanye jambo hili kuwa lao: wawakusanye wazee wa mtaa na watoto wa mtaa Jumapili moja ya kila mwezi, watembee pamoja, wataje majina. Haihitaji fedha za mradi wala mgeni rasmi.

Lakini hata hayo yote yakichelewa, mzazi hana sababu ya kungoja. Udongo uwahi ungali maji. Mtoto wa miaka minne hakai na miaka minne; mwaka mmoja ukipita ule udadisi wa kuuliza jina la kila mdudu huanza kupungua, na ukipuuzwa hufa. Mwaka 1961 nchi hii iliahidi kwa niaba ya watoto ambao walikuwa hawajazaliwa. Serikali ililinda mbuga kwa sheria na bunduki. Mlango wa nyumba hauna askari wa kuulinda wala wa kuufungua. Ufunguo wake uko mikononi mwa baba na mama. Jumapili hii na ufunguliwe, mtoto avae viatu, akaulizwe na kuuliza.